Sentensi Moja ya Kufuli

Kama hujawahi kukaa kwenye benchi letu, basi hujawahi kukosewa adabu ipasavyo. Liko River Road, nje ya kibanda changu cha kuchapisha kadi za harusi na programu za mazishi. Mbao zake nilinunua mimi, lakini kila nikitoka ndani nakuta limejaa na hakuna anayesogea. Wananiita Wino, na ukiviona vidole vyangu hutauliza kwa nini. Upande wa ukutani hukaa Askofu, jina lake Macharia, muuza nyaya za stima. Uaskofu wake wote ni shati la zambarau. Karibu naye ni Kibe, fundi wa redio, tunayemwita Injinia kwa sababu hakuna kitu asichojua kukifungua. Kukifunga ni habari nyingine. Mzee Abdalla, mtu wa Lamu, hutumiminia kahawa chungu kutoka kwenye dele lake na kututazama kama mbuzi wanaopigana. Wa mwisho ni Mbuthia, ambaye ni Kufuli, kwa sababu anauza makufuli na bawaba duka la ng'ambo ya barabara. Alhamisi tajiri wake hulifunga duka asubuhi aende Industrial Area kuleta mzigo, kwa hiyo Alhamisi Kufuli ni wetu mpaka saa saba mchana. Ndiyo siku yetu kubwa. Benchi bila Kufuli halina mtu wa kuchekwa.

Lakini Alhamisi hiyo alikuja na uso wa mtu aliyejifungia nje ya nyumba yake mwenyewe.

— Niaje wazee, akasema. Wino, hiyo programu ushachapa?

— Nichape nini? nikamjibu. Wenzako wote wameleta sentensi zao. Muasya ameandika ataacha pombe. Zadock ameandika atauza pikipiki wamalize nyumba. Wewe umeniachia mstari mtupu kama uwanja wa mpira. Saa saba Mchungaji anatuma mtu achukue kazi yake, na mimi sitangoja mtu. Hata wewe.

— Sentensi ya nini? akauliza Injinia.

— Kwani hujui Kufuli anaoa Jumamosi? Askofu akamwambia.

— Anaoa nani? Na Wangeci je?

— Anamuoa huyo huyo Wangeci!

Injinia akashika kichwa, na ikabidi Kufuli aeleze upya. Yeye na Wangeci wameishi pamoja Kangemi tangu kitambo, watoto wapo, mahari ilipelekwa kwa kina Wangeci na wazee wakala mbuzi. Kitu ambacho hakikufanyika ni kanisa. Na kule kwao, kama hamkufunga ndoa kanisani, hamkaribii meza ya Bwana. Jumapili ya Ushirika wengine wanasimama wanaenda mbele, nyinyi mnabaki mmekaa na vitabu vya nyimbo mapajani. Mama yake Kufuli, ambaye mguu wake umeharibiwa na sukari, huenda mbele akishikiliwa na watu wengine, kisha hurudi akakaa kati ya mwanawe na mkamwana wake akifuta macho. Jumamosi wote wa aina hiyo wanafungishwa ndoa siku moja.

— Sasa kulikuwa na darasa, Kufuli akaendelea. Mchungaji Kamene ametufunza wiki nyingi. Akasema mke atasimama mbele ya watu aseme atamtii mume wake, na hilo halina mjadala, Maandiko ni Maandiko. Nikapiga makofi, maze. Mimi ndiyo nilianza.

— Nani angekosa kupiga? akasema Askofu.

— Halafu akasema, lakini mume ndiye atatangulia. Ati Bwana hakungoja Kanisa litii ndiyo ajitoe. Alijitoa kwanza. Kwa hivyo kila mwanaume alete sentensi moja, aseme atajitoa vipi kwa ajili ya mke wake. Kitu chenye watu wanaweza kumwona akifanya.

— Na hapo ulipiga makofi? akauliza Mzee Abdalla.

— Hapo niliinama nikafunga kamba za viatu.

Tulicheka mpaka mwuza miwa wa kando akageuka kutazama. Kufuli hakucheka.

— Hamjasikia yenye Wangeci amesema, akatuambia. Nilimwandikia, "Nitakupenda sana." Akanirudishia. Nikaandika, "Nitawatafutia riziki wewe na watoto." Akasema hiyo hata yeye anatafuta, na mwisho wa mwezi hakuna mtu humpigia makofi. Jana amesema hivi: Jumamosi atakuja, atavaa gauni, atasimama na mimi. Kama sentensi yangu ni tupu, ikifika zamu yake ya kusema atatii, atanyamaza. Mbele ya mama.

Wangeci tunamjua. Siku moja alikuja hapa kumchukua Kufuli, hakupandisha sauti hata kidogo, na bado sote wanne tulisimama.

— Hiyo ndiyo shida ya mchungaji mwanamke, Askofu akaanza, akiweka kikombe chini ili mikono yake ipate nafasi. Mume ni kichwa. Hiyo imeandikwa, hata mtoto anajua. Sasa mimi nauliza: kichwa kinajitoa aje? Umewahi kuona kichwa kikitoka, mwili ukabaki ukiendelea na shughuli zake?

— Nimewahi kuona kuku, akasema Mzee Abdalla.

— Mzee, hii ni mambo ya kanisa.

— Nami sijaingia kanisani, bwana. Umeuliza kama tumeona, nami nimeona.

Injinia akamsogeza Askofu kwa kiwiko.

— Nyinyi mnazunguka. Kufuli, sikia. Andika, "Nitakufa kwa ajili yako." Kwisha! Hakuna mwanamke atakataa hiyo.

— Nilijaribu, akasema Kufuli.

— Akasema?

— Aliniuliza nitakufa na nini. Kangemi hakuna vita.

— Simba! Si kuna simba hutoka kule mbuga ya wanyama? Atoroke, apitie Lang'ata, apande Kawangware, afike Kangemi usiku. Wewe unasimama mlangoni.

— Huyo simba apite Kawangware yote bila kula mtu, anangoja mimi?

— Basi figo! Andika utampa figo. Hiyo ni kujitoa ndani kwa ndani.

— Wangeci figo zake ziko sawa.

— Kwani ni lazima aitumie leo? Anaiweka kama speya.

Mzee Abdalla alikuwa akimimina, kahawa ikamwagika nje ya kikombe kwa kicheko. Mimi nilikuwa natazama saa. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu haikuwa ya bure: programu ilikuwa imepangwa vizuri, majina yamekaa safi, na katikati ya ukurasa kuna pengo linanitolea macho.

— Andika utalala njaa yeye ale, akasema Askofu.

— Yeye anapika kwa watu huko Spring Valley. Anarudi ameshakula, na ametubebea.

— Andika utamwachia rimoti, akasema Injinia.

— Siku ya mpira?

— Aa-aa, si siku ya mpira. Kwani unataka kuwa mtakatifu?

Hapo Askofu akainua kidole. Ninakijua kidole hicho. Kikipanda, kazi yangu ya siku nzima imeharibika.

— Nisikizeni, akasema. Nimeipata. Adamu alikuwa wapi mke wake akiumbwa? Alikuwa amelala. Kwa hivyo kazi ya kwanza ya mume kwa ndoa ni gani? Ni kulala. Na akiwa amelala alitolewa nini? Ubavu! Alitoa kwa niaba yetu wanaume wote mpaka mwisho wa dunia. Sehemu yetu ilishaenda, watu wangu. Wanawake ndio hawajaleta yao. Wino, andika hapo, "Mimi nilishatoa ubavu." Funga hiyo mambo.

Nitasema ukweli, kwa dakika nzima ilionekana kama hoja. Injinia alikuwa anatikisa kichwa kwa heshima. Hata mimi niligeuka kuelekea kwenye mashine.

— Hiyo pia nilimwambia, akasema Kufuli.

— Wueh! Akasemaje?

— Akasema huo ubavu ulikuwa wa Adamu. Zangu mimi bado niko nazo zote.

Hapo nikachoka.

— Wanaume wazima! nikawafokea. Mmekaa hapa tangu asubuhi, mmenywa kahawa ya mzee wa watu, na nyinyi wote hamwezi kutoa sentensi moja! Kufuli, nikuandikie "Nitajitahidi" tuende nyumbani?

— Usiandike hiyo, akasema. Sauti yake ilikuwa chini lakini imesimama. Wino, mimi sichezi. Nyinyi mnafikiria nataka aseme atatii ndiyo nijisikie mwanaume. Hapana. Nampenda Wangeci. Nataka Jumapili mama akisimama kwenda mbele, tusimame na yeye, mimi huku na Wangeci huku. Hiyo tu. Siondoki hapa bila hiyo sentensi, hata mkinicheka mpaka jioni.

Hakuna aliyecheka. Hapo ndipo tulipomwona mama mmoja wa makamo, amejitanda buibui, anapita kati ya mikokoteni akitazama milango ya maduka. Alipomwona Mzee Abdalla akasimama.

— Asalaam aleikum. Baba Sadiq, miwani yako hii. Umeisahau tena juu ya friji, na mchana utakuja kurudisha chenji ya watu kombo.

— Waleikum salaam, mama Sadiq. Na jua lote hili umekuja kwa miguu?

Huyo alikuwa Mabruka, mkewe. Miaka yote tumekunywa kahawa ya mumewe na hatukuwahi kumwona. Alikuwa anahema. Askofu akamtazama, Injinia akamtazama, na aliyeinuka kumpisha ni Kufuli.

— Kaa hapa, mama.

— Ahsante, mwanangu. Mbona mmenyamaza hivi? Kuna msiba?

— Kuna harusi, akasema Mzee Abdalla, na akamweleza yote kwa kifupi: mchungaji, mstari mtupu, mama mwenye mguu mbaya, Wangeci atakayenyamaza. Simba na figo aliviruka, nadhani kwa kutuonea huruma.

Mabruka alisikiliza mpaka mwisho. Kisha, badala ya kutoa hukumu kama sisi sote tulivyofanya, akamwuliza Kufuli habari za mgonjwa, maana ndivyo alivyolelewa.

— Na mama mzazi, mguu wake waendeleaje?

— Unapona polepole, mama. Kila Alhamisi lazima aende kliniki Westlands aoshwe kidonda, abadilishiwe bandeji. Sahii ako huko.

— Amepelekwa na nani?

— Na Wangeci.

— Kwani mkeo hafanyi kazi?

— Anafanya, anapika kwa hao watu wa Spring Valley. Lakini Alhamisi ndiyo ofu yake.

— Na wiki iliyopita alipelekwa na nani?

— Na Wangeci. Ni yeye tu, tangu mguu uanze.

Mabruka akafikiri kidogo. Hakuwa anamsuta, hilo niliona. Alikuwa anauliza kama mtu anayetafuta njia ya kutokea mtaa asioujua.

— Basi yeye hupumzika lini?

Mwuza miwa aliacha kukata miwa. Au labda ni mimi tu niliyeona hivyo.

— Jumapili, akasema Askofu.

— Jumapili yeye na kina mama wengine ndio hupika kanisani, Kufuli akajibu bila kumtazama.

— Jioni, akasema Injinia.

— Jioni anafua.

Kidole cha Askofu hakikupanda. Tulikaa hapo wanaume wanne wenye majibu ya Adamu na ya simba, na swali la mama mmoja aliyeleta miwani likatushinda. Niliona aibu, na sikuwa hata nimeoa.

Kufuli alikuwa bado amesimama. Alilitazama benchi, mahali pake pale pa kila Alhamisi, kisha akatazama mlango wa duka lao uliofungwa.

— Alhamisi mimi niko hapa, akasema polepole. Niko hapa nakunywa kahawa.

— Usianze kujilaumu, buda, akasema Injinia.

— Wino, andika.

— Sema.

— "Kila Alhamisi mimi ndiye nitampeleka mama kliniki, na wewe utapumzika."

Sasa hapo ndipo ungeona vita. Watu waliokuwa tayari Kufuli aliwe na simba walisimama wote kwa pamoja.

— Alhamisi? Injinia akapiga kelele. Alhamisi hii yetu? Maze, si utoe tu figo!

— Chukua Jumanne, akasema Askofu.

— Jumanne niko dukani.

— Basi ukipata likizo.

— Wazee, siku zingine zote ni za tajiri. Hii ndiyo yangu. Nitatoa yenye si yangu?

— Kufuli, fikiria, akasema Askofu, sasa kwa upole, na nilijua ameumia kweli. Utakaa kwa foleni ya kliniki na akina mama, umeshika kibeti cha mamako. Watu wa Kangemi wanakuona. Utaonekana aje?

— Mchungaji alisema kitu chenye watu wanaweza kuniona nikifanya.

Askofu akakaa chini.

— Utakuwa ukija saa ngapi basi? nikauliza mimi. Nilitaka swali litoke kwa hasira yangu ya kawaida, likatoka vingine.

— Wino, Alhamisi sitakuwa nikija.

Akampa Mzee Abdalla mkono, akampa Mabruka mkono na kumwambia ahsante mama, na sisi wengine tukagongana ngumi za kuagana. Kisha akavuka barabara kwa haraka akielekea stejini, huku bodaboda mmoja akimtukana. Hakugeuka nyuma. Niliumia, sitawadanganya. Nilitaka aende na nilitaka abaki.

Niliingia ndani nikaipiga hiyo sentensi. Ilikaa vizuri kwenye pengo lake. Askofu akaja kusimama mlangoni, anatazama skrini juu ya bega langu.

— Wino, mimi nina wazo la kichungaji. Toa "kila".

— Nitoe kwa nini?

— Umsaidie. "Alhamisi nitampeleka mama." Imebaki vile vile, ni tamu, haidanganyi. Lakini imeacha mlango wazi kidogo. Mtu anaweza kwenda Alhamisi hii, ijayo akapumua hapa na sisi.

— Hiyo ni poa sana, akasema Injinia kutoka nje. Hata Wangeci hataona.

Mimi nilikuwa nimeshaliwekea lile neno alama ya kulifuta. Nakiri hilo mbele yenu. Nje nikamsikia Mabruka akimwuliza mumewe, taratibu kabisa:

— Baba Sadiq, nawe ungekuwa wao, ungeandika nini?

— Kahawa imekwisha, akasema Mzee Abdalla.

— Dele lina kahawa, mimi naiona.

— Imekwisha, mama Sadiq. Twende nikusindikize mpaka stejini, jua kali.

Wakaondoka, yeye mbele amebeba dele lenye kahawa na mkewe nyuma anacheka. Zikabaki dakika chache kufika saa saba. Sikuweza kulitoa lile neno wala kuliacha, kwa hiyo nikampigia mwenyewe.

— Uko wapi?

— Kwa foleni, akasema Kufuli. Nimefika, niko na mama, tajiri nimemwambia nitachelewa. Kuna shida na sentensi?

— Askofu anasema nitoe neno "kila". Nitoe?

Nilisikia mtoto akilia, na nesi akiita majina. Halafu sauti ya mwanamke ikauliza ni nani huyo, na Kufuli akajibu, "Ni Wino wa River Road, anataka kujua kama atatoa kila." Simu ikabadilisha mikono.

— Wino, sasa.

— Poa, Wangeci. Habari ya mgonjwa?

— Anaendelea. Ile sentensi yangu ya kutii, umeiandika na herufi gani?

— Za kawaida tu.

— Iache hivyo hivyo, nitaisema. Ya Mbuthia iweke herufi nzito. Yote, na hiyo "kila" ndani.

— Sawa, nikasema.

— Na uwaambie hao wengine nimewasalimu.

Nikaweka herufi nzito, kuanzia kwenye "kila", nikabonyeza, mashine ikaanza kutoa kurasa moja moja, moto. Mtu wa Mchungaji alipokuja kazi ilikuwa tayari. Nilipotoka nje kupunga upepo, Askofu na Injinia walikuwa wamekaa na vikombe vitupu, na kwa mara ya kwanza tangu ninunue zile mbao kulikuwa na nafasi yangu kwenye benchi.